Mzee amerudi nyumbani na mpira wa mkojo: mwongozo kwa anayemuuguza

Swali huja kwa sauti ya chini, mara nyingi usiku. "Sista, mzee wamemwekea mpira, tumeambiwa tumrudishe baada ya wiki mbili. Sasa huu mfuko tunaufanyaje?" Nimelijibu mara nyingi mno, nikaona bora niliandike jibu lote mahali pamoja. Wodini tunawaruhusu watu na karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki. Yanayotokea katikati ya siku hizo wanaachiwa wao na hofu yao.

Mwongozo huu ni wako wewe utakayekuwa na mzee nyumbani: mke, mtoto, mjukuu, au mzee mwenyewe kama mikono na macho bado vinamtii. Unahusu mpira unaopita ndani ya uume hadi kwenye kibofu. Kama wake umepitishwa tumboni chini ya kitovu, habari za mfuko na usafi ni zilezile, ila kidonda cha pale tumboni fuata ulivyoelekezwa na wodi yenu.

Jambo moja ulishike tangu sasa: mpira huu hautibu. Umefungua njia ili mkojo usirudi nyuma ukaharibu figo, wakati kilichoziba kinatafutiwa matibabu. Wagonjwa ninaowaona wakirudi wameharibikiwa ni wa aina mbili. Wapo walioingiwa na maambukizi au kuchanika kwa sababu mpira ulivutwa, ukafunguliwafunguliwa, ukashikwa na mikono michafu. Na wapo waliotulia kwa sababu maumivu yameisha, tarehe ikapita, mwezi ukawa miezi, mpira ukaota mawe ndani. Hawa wa pili ndio wananiuma zaidi.

Kwa nini mkojo uligoma

Maneno machache tu hapa, ili ujue unasubiri nini.

Kwa wazee sababu kubwa ni tezi dume. Hiki ni kitezi kilicho chini ya kibofu, kimeuzunguka mrija wa mkojo kama pete. Kwa kijana kina uzito wa gramu 20 hivi. Umri ukisonga hukua, na kwa kuwa kimeuzunguka mrija, kinapokua kinaubana. Kukua huku kwa kawaida si saratani. Saratani ya tezi dume ni ugonjwa mwingine, ila unaweza kuanzia kwenye kitezi hichohicho, ndiyo maana daktari anapima kwa kidole, kwa damu, na kwa picha.

Kwa wanaume wasio wazee mara nyingi ni kovu ndani ya njia ya mkojo. Kovu hilo linaweza kutokana na kisonono cha zamani ambacho hakikutibiwa vizuri, au ajali ya pikipiki iliyovunja nyonga. Yapo pia mawe, mabonge ya damu, majeraha ya uti wa mgongo, na kisukari cha miaka mingi kinachoua hisia za kibofu.

Halafu kuna kisababishi kidogo ambacho watu hawakifikirii: dawa za mafua. Mzee ambaye tayari alikuwa anakojoa kwa kusukuma, mkondo mwembamba, anaamka mara nne usiku, akinywa dawa ya mafua yenye pseudoefedrini, au Piriton, au amitriptilini ya usingizi na maumivu, njia inaweza kufunga kabisa usiku huohuo. Kufunga choo kwa siku kadhaa kunaweza kufanya vilevile. Kwa hiyo kagua kabati la dawa la nyumbani kabla hamjafika mbali, na mwenye duka la dawa mwambie wazi kwamba mzee ana shida ya tezi.

Watu watakuja kukwambia ni ngiri, ni mshipa, kuna mzizi wa kuchemsha. Sitawatukana wenye mizizi yao. Ninachosema ni kwamba mpira umo ndani, figo zinahesabu siku, na mzizi haujui tarehe ya kliniki.

Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika nyumbani

- Sabuni ya kawaida ya kipande, isiyo na manukato makali.
- Taulo ndogo mbili zitakazotumika kwa mzee peke yake.
- Jagi la plastiki lenye alama za mililita, la kumwagia mkojo tu. Liandike kwa wino usiofutika, lisije likarudi jikoni.
- Beseni safi.
- Plasta pana ya hospitali, au kitambaa laini cha kufungia mpira pajani.
- Mfuko wa akiba wa mkojo, angalau mmoja. Mfuko mkubwa wa kawaida unabeba lita 2. Ukiupata na ule mdogo wa kufunga mguuni, mzee ataweza kutoka nje.
- Glovu, pamba na spiriti.
- Daftari na kalamu. Usilidharau daftari, utaona kazi yake.

Na uamuzi mmoja wa kifamilia ufanyike mapema: nani atamshika mzee? Nimeona mfuko ukijaa hadi kurudisha mkojo kwa sababu aliyekuwepo nyumbani ni mkwe, na mkwe hawezi kumfunua baba mkwe wake. Hilo nalielewa na naliheshimu. Lakini kuna kazi mbili tofauti hapa. Kumwaga mfuko hakuhitaji kumfunua mtu. Koki iko chini kabisa, mzee anajifunika shuka, hata mkwe anaweza. Kuosha ndiko kunakohitaji mtu wa faragha yake: mwenyewe, mkewe, mwanawe wa kiume, au mjukuu. Wajukuu wanafaa sana kwa kazi hii kuliko tunavyodhani. Babu na mjukuu wana utani wao, aibu inapungua, na kijana wa miaka kumi na minane akielekezwa vizuri ana mikono myepesi.

Hatua kwa hatua

1. Usitoke wodini bila mambo matano yaliyoandikwa. Tarehe mpira ulipowekwa. Namba yake. Kiasi cha maji kilicho ndani ya puto. Sababu ya kuwekwa. Tarehe ya kurudi, na kurudi kufanya nini: kuutoa, kuubadilisha, au kujiandaa na upasuaji.

Puto ni kifuko kidogo kilicho kwenye ncha ya mpira, ndani ya kibofu. Hujazwa maji, kwa kawaida mililita 10, na ndicho kinachozuia mpira usichomoke. Namba ya mpira ni unene wake. Kila namba moja ni theluthi ya milimita, kwa hiyo mpira namba 16 una unene wa milimita 5 na ushei. Ukitazama kwenye mdomo wa kutilia maji utaona rangi: namba 14 ni kijani, 16 ni rangi ya chungwa, 18 ni nyekundu. Siku mkikimbilia kituo kingine usiku, maneno haya matano yatamsaidia muuguzi asiyewajua.

Uliza pia mpira ni wa aina gani. Wa lateksi, wenye rangi ya manjano iliyokolea, haupaswi kupita wiki 4, na hospitali nyingine huubadilisha mapema zaidi. Wa silikoni, unaong'aa kama plastiki, unaweza kufika wiki 12. Kupitiliza hapo ni kukaribisha mawe na kuziba.

2. Nawa mikono kwa sabuni, kabla na baada, kila mara. Hata kama utavaa glovu. Hata kama ni kusogeza tu.

3. Funga mpira kwenye paja. Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta damu. Acha mpira ulegee kidogo kati ya uume na mahali ulipofungwa, ili mzee akinyoosha mguu au akijigeuza usivutike. Plasta ibandike upande wa ndani wa paja, sehemu isiyo na nywele nyingi, na ubadilishe paja kila siku mbili tatu ngozi ipumzike. Mpira usiofungwa unaning'inia na uzito wa mfuko uliojaa, na uzito wote huo unaning'inia kwenye puto. Polepole unakata njia ya mkojo, na mwisho hata ncha ya uume inaweza kupasuka.

4. Mfuko ukae chini ya kibofu saa zote. Amelala, amekaa, anatembea, yuko kwenye bajaji. Mkojo hauna pampu, unateremka tu. Ukiuinua mfuko juu ya kiuno, mkojo wa zamani pamoja na vijidudu vyake unarudi ndani.

Kwa mwenye kitanda ni rahisi: ning'iniza mfuko kwenye ubavu wa kitanda, usiguse sakafu. Shida ni kwa mzee anayelala chini kwenye mkeka au godoro. Hapo mtafutieni kitanda cha kuazima kwa wiki hizo. Ikishindikana, ongezeni magodoro mawili au matatu yapande juu, mfuko ulale ndani ya beseni safi sakafuni, mrija ukiteremka bila kujikunja. Asiukalie mrija na asiulalie.

5. Mwaga mfuko ukifika nusu au theluthi mbili. Usisubiri ujae. Nawa, weka jagi chini ya koki, fungua, acha mkojo utoke wote bila ncha ya koki kugusa jagi, funga, futa ncha kwa pamba yenye spiriti. Soma kiasi, andika, kamwage chooni. Suuza jagi, liache likauke.

Kumwaga ni kwa koki ya chini tu. Usiuchomoe mfuko kutoka kwenye mpira kila unapotaka kuumwaga. Kila unapofungua kiungo kile unafungua mlango.

6. Osha mara mbili kwa siku, na kila akienda haja kubwa. Sabuni na maji ya kawaida safi vinatosha. Anza pale mpira unapoingilia, kisha teremka kuelekea kwenye mfuko, sentimita kumi hivi, kwa mkono mmoja ukiushikilia mpira usivutike. Usipandishe kitambaa kurudi juu. Utando mkavu unaojikusanya kwenye ncha uloweshe kwanza, usiukwangue kwa kucha.

Kama mzee hajatahiriwa, rudisha govi nyuma taratibu, osha, kausha, kisha lirudishe mbele mahali pake. Hili nalikazia. Govi likiachwa nyuma linavimba, linakaba kichwa cha uume kama kamba, na ndani ya saa chache ni dharura ya hospitali.

Usitumie Dettol, Jik, unga wa poda, wala chumvi. Na usipake mafuta ya mgando kwenye mpira wa lateksi, mafuta yanaudhoofisha. Mzee anaruhusiwa kuoga mwili mzima kama kawaida, mfuko ukiwa umefungwa palepale.

7. Badilisha mfuko kila siku 7, au mapema ukivuja, ukichafuka au ukinuka. Mwaga kwanza. Nawa, vaa glovu. Bana mpira kwa vidole, si kwa koleo wala kibanio cha nguo. Futa kiungo kwa spiriti, chomoa mfuko wa zamani, ondoa kifuniko cha mfuko mpya na uuchomeke bila kugusa ncha yake. Ikikudondokea au ukiigusa, ifute kwa spiriti kwanza. Hakikisha koki ya mfuko mpya imefungwa. Karibu kila mtu huisahau mara ya kwanza, sakafu inaloa.

8. Anywe, ale, apate choo. Lita moja na nusu hadi mbili za maji kwa siku, isipokuwa kama daktari amemwekea kikomo kwa ajili ya moyo au figo. Wazee wengi hupunguza maji wakidhani wanaupunguzia mfuko kazi. Mkojo mchache ni mzito, na mkojo mzito ndio unaoziba mpira. Papai, maembe, mboga za majani, dona badala ya sembe. Choo kigumu kinasukuma kibofu na kufanya mkojo uvuje pembeni.

9. Andika daftari. Saa, kiasi kilichomwagwa, rangi, joto la mwili kama mna kipimajoto. Siku ya kliniki daktari atauliza "mkojo unatoka kiasi gani?" na wewe hutajibu "mwingi". Usishangae siku za kwanza kiasi kikiwa kikubwa sana, maana figo zilizokuwa zimezuiwa zinamwaga yaliyojaa. Lakini mzee akidhoofu, akipata kizunguzungu na mkojo ukizidi kumiminika kama bomba, mrudishe. Anapoteza maji na chumvi.

10. Dawa zitumike kama zilivyoandikwa. Kwa tezi dume mara nyingi ataanzishiwa tamsulosini miligramu 0.4, kidonge kimoja kwa siku, ambayo hulegeza shingo ya kibofu. Inaweza kumletea kizunguzungu anaposimama, kwa hiyo aamke kwa hatua: akae kwanza, ndipo asimame. Akipewa na finasteride miligramu 5, jueni kwamba hiyo hupunguza tezi polepole, na inaweza kuchukua miezi 6 kuonyesha kazi yake. Asiiache baada ya wiki tatu akisema haisaidii. Mwanamke mjamzito nyumbani asishike vidonge vya finasteride vilivyovunjika, kwani vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Makosa ninayoyakuta kila mara

Kosa la kwanza ni antibayotiki za kununua tu. Mfuko ukionekana na ukungu, mtu anakimbia maabara ya mtaani, anaambiwa mzee ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), anauziwa sindano za siku tano. Sikiliza: mpira ukikaa mwezi mmoja, karibu kila mkojo utaonyesha bakteria. Wamejishikiza kwenye mpira wenyewe. Kama mzee hana homa, hatetemeki, hana maumivu mapya, hajachanganyikiwa, bakteria hao hawatibiwi. Ukiwapiga dawa kila wiki utawafundisha usugu, na siku ya upasuaji, ambapo dawa inahitajika kweli, itakuwa imeshazoeleka. Mkojo wenye ukungu dawa yake ya kwanza ni maji ya kunywa.

La pili ni kuziba mpira kwa kuufunga fundo au kuuchomeka kizibo ili mzee "aende msibani vizuri". Kama daktari hakuagiza hivyo, usizibe. Mfungie mfuko mdogo wa mguuni ndani ya kanzu au suruali pana, aende msibani na heshima zake.

La tatu ni kukata mpira au kuuvuta. Wapo waliochoka wakauvuta puto likiwa limejaa. Damu yake ni nyingi, na kovu linalobaki linaweza kuwa shida kubwa kuliko tezi yenyewe. Mzee mwenye kusahausahau avishwe suruali, mpira upite ndani, mikono isiufikie kirahisi.

La nne ni kupima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, wiki hiyohiyo mpira ulipowekwa, kuona namba kubwa, na familia nzima kuanza kulia. Kuzibwa mkojo, kuwekewa mpira na maambukizi, vyote hupandisha PSA bila saratani yoyote. Kwa kawaida husubiriwa wiki kadhaa ndipo namba isomwe kwa uhakika. Muulize daktari wako lini.

Maswali wanayoyauliza wakiwa wametazama chini

*Anaweza kuswali?* Masheikhe wengi wanamhesabu kuwa mwenye udhuru: wakati wa sala ukishaingia anatia udhu, anaswali, na mkojo unaoteremka kwenye mpira haumharibii sala hiyo. Aongee na sheikhe wake atulie moyo. Nimeona wazee wakiumia kwa kukosa msikiti kuliko kwa mpira wenyewe. Kuhusu kufunga Ramadhani, kunywa maji mchana ni sehemu ya matibabu yake kwa sasa. Azungumze na daktari na sheikhe wote wawili.

*Mambo ya ndoa?* Mpira wa kupitia uumeni ukiwemo, hapana, utamuumiza. Kama subira itakuwa ndefu, daktari anaweza kufikiria mpira wa kupitia tumboni, na hapo inawezekana. Kusimamisha uume wakati mpira umo kunatokea, hasa alfajiri, na kunauma. Si ishara ya ugonjwa mpya.

*Asafiri na basi?* Ndiyo, mfuko mtupu, mrija haujakunjwa chini ya paja, na mtu wa kumkumbusha kuumwaga kila gari linaposimama.

Mambo yakienda kombo

*Mfuko hauna mkojo kwa saa mbili au tatu.* Fuata mrija kwa vidole kutoka mwilini hadi mfukoni. Umekunjika? Ameulalia? Mfuko uko juu? Umejaa? Amefunga choo? Amekunywa maji leo? Mgeuze ubavu, asimame, atembee hatua chache. Kama bado, na tumbo chini ya kitovu limejaa na linauma, mpira umeziba. Nenda hospitali sasa hivi. Usisukume maji ndani kwa sirinji kama hukufundishwa na wodi.

*Mkojo unavuja pembeni ya mpira.* Angalia kwanza kama mfukoni unaendelea kuingia. Kama hauingii, umeziba, rudi hapo juu. Kama unaingia, kibofu kinajikaza kujaribu kuutema mpira. Atasikia mkazo wa ghafla na hamu kali ya kukojoa. Hakikisha umefungwa vizuri pajani, tibu choo kigumu, na mwambie daktari, ipo dawa ya kutuliza mkazo huo. Kuwekewa mpira mnene zaidi mara nyingi huzidisha.

*Mkojo wa pinki.* Baada ya kuwekewa mpira au baada ya kuvutika, hutokea. Anywe maji, funga mpira upya, tazama hadi kesho. Ukiwa mwekundu mzito kama rojo la nyanya, au ukiona mabonge, ni hospitali leo, kwa sababu mabonge yatauziba. Kabla ya kuogopa, kumbuka pia: rifampisini ya kifua kikuu huufanya mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na kiazi sukari (bitiruti) huufanya mwekundu.

*Mfuko umegeuka zambarau.* Inatisha sana, najua. Ni rangi inayotengenezwa na aina fulani za bakteria, hasa kwa mtu aliyefunga choo. Yenyewe haina madhara. Shughulikia choo, badilisha mfuko, mwambie daktari siku ya kliniki. Akiwa na homa, usisubiri.

*Mpira umechomoka wote.* Usiurudishe. Weka mpira uliochomoka kwenye mfuko safi uende nao, wakaangalie kama puto limepasuka na kama kuna kipande kimebaki ndani. Nenda siku hiyohiyo hata kama anakojoa, maana tezi iko palepale.

*Homa ya 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, maumivu ubavuni, kuweweseka, au kusinzia kusiko kwa kawaida.* Hii haingoji asubuhi wala panadoli. Kwa mzee, kuchanganyikiwa kunaweza kutangulia homa. Ukisikia anamwita marehemu nduguye, mshike paji, na mwende.

*Korodani moja imevimba na inauma.* Maambukizi yanaweza kushuka huko kupitia mirija ya mbegu. Daktari leo.

Siku ya kutoa mpira

Nenda asubuhi, na daftari lako. Muuguzi atavuta maji ya puto kwa sirinji, na mpira utateleza wenyewe. Inachukua dakika moja. Kazi inaanza baada ya hapo: mzee anywe maji kwa kiasi cha kawaida, asijazwe lita tatu kwa haraka ya kutaka kuona matokeo, na kila anachokojoa kipimwe kwenye jagi. Kukojoa kunaweza kuchoma kwa siku moja hivi.

Wengi waliokunywa tamsulosini siku kadhaa kabla hufaulu, hasa kama tezi si kubwa sana. Wasiofaulu hurudishiwa mpira na kupangiwa upasuaji. Ule unaofanywa zaidi ni wa kukwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Tezi kubwa sana hufunguliwa kupitia chini ya kitovu. Mwenye kovu hupanuliwa au kutengenezewa njia, na hii ni kazi ya daktari bingwa wa mkojo, kwa hiyo rufaa iombwe mapema. Familia ianze kuulizia bima na gharama tangu wiki ya kwanza ya mpira, wakati mzee ana nguvu, isisubiri jaribio lishindwe.

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani bila mpira, usiku wa kwanza ndio wa kuangalia. Kuna hali moja inawadanganya wengi: mzee anakojoa vijiko viwili, baada ya nusu saa vijiko viwili tena, shuka inaloa, na ninyi mnashukuru kwamba njia imefunguka. Gusa tumbo chini ya kitovu. Kama ni gumu na limejaa, hicho ni kibofu kilichofurika kinachomwagika kwa juu, na njia bado imefunga. Hapo, au zikipita saa sita nzima bila kukojoa kabisa, chukua daftari na karatasi yenye mambo matano, muite bodaboda au bajaji, na mrudi usiku huohuo.